Dawa mbili za kibofu zimeshindwa, naomba ushauri
Habari zenu wapendwa, mnisamehe kwa mada ya chooni. Nina miaka 46, mama wa watoto watatu. Mwaka wa pili sasa mkojo unanibana ghafla, mara 14 kwa siku, usiku naamka mara nne. Juzi nilishuka kwenye daladala kabla ya kituo changu, nikakimbilia kwa mama ntilie kuomba choo. Sikufika, kanga ndiyo iliyonisitiri.

Mkojo umepimwa, hauna maambukizi, na sukari sina. Oksibutinini nilimeza miezi mitatu: mdomo ulikauka kama nimelamba udongo, choo kikawa kigumu, kubanwa kuko palepale. Solifenasini ya miligramu 10 nayo hola. Mazoezi ya kukaza nyonga nafanya, na chai nimeacha (hili ndilo lililoniuma zaidi).

Sasa daktari anataja sindano za Botox (dawa ya kulegeza misuli) ndani ya kibofu, uniti 100, ila kaonya kuwa mkojo unaweza kugoma kutoka, nikalazimika kujiwekea mpira wa kutolea mkojo kwa muda.

Mliochomwa, mpira mlihitaji, na nafuu ilidumu miezi mingapi? Na kuna mwenye presha inayotulizwa kwa dawa aliyepewa mirabegroni (dawa nyingine ya kibofu) kwanza, kabla ya sindano?