Machimbo ya samaki wa mawe Achanarras, Scotland: kuna aliyewahi kufika?

MamaWawili_Abdn:
Wakuu habari zenu, niko Aberdeen na mwanangu wa miaka 9 hana habari nyingine siku hizi ni samaki wa kale tu. Nimesikia kule juu Caithness kuna machimbo ya zamani yanaitwa Achanarras, walikuwa wanachonga vigae vya mawe vya kuezekea nyumba, sasa yameachwa na watu wanaenda kuokota visukuku vya samaki. Je ni kweli mtu wa kawaida anaruhusiwa? Na mtoto ataona kitu kweli au tutaendesha gari siku nzima turudi mikono mitupu?

kidagaa77:
Dada nendeni, mimi nilienda na wanangu wawili mwaka juzi. Lakini mlale mji wa Thurso usiku mmoja, maana kutoka Inverness tu ni kama saa mbili na nusu kwa barabara ya A9 na mtoto akichoka hakuna raha tena. Gari unaacha halafu mnatembea kwa miguu.

Sasa sikiliza, usipige ukuta wa machimbo. Hapo ni eneo la hifadhi, unatafuta kwenye yale marundo ya mawe yaliyotupwa, na kabla hujaenda soma masharti ya sasa ya NatureScot, shirika la hifadhi ya mazingira la Scotland, ujue kinachoruhusiwa kuchukua. Jiwe lake limejipanga kama kurasa za kitabu, unaweka tindo pembeni unagonga taratibu linafunguka bapa bapa. Saa nzima ya kwanza hatukupata kitu, mdogo akaanza kulia anataka kurudi garini, nikamwambia tupasue moja tu la mwisho, likafunguka ndani kuna samaki wa ukubwa wa kidole kimoja, mweusi anang'aa, magamba unayaona! Alinyamaza kimya akawa anamgusa tu. Wengi tuliopata baada ya hapo ni vipande, gamba hapa mfupa pale, usimwahidi mtoto samaki mzima.

Miwani ya kukinga macho kila mtu, vipande vinaruka. Na kiangazi usubi wa kule wanauma vibaya sana, funikeni mikono.

Mwl_Jiwe:
Naongezea kidogo mkuu. Hao samaki wana zaidi ya miaka milioni 380, na wakati huo Scotland ilikuwa kusini ya ikweta, kuna joto, kuna ziwa kubwa ambalo wataalamu wanaliita Orcadie. Chini kabisa maji hayakuwa na hewa ya oksijeni, kwa hiyo samaki akifa na kuzama hakuna wa kumla, tope linamfunika taratibu tabaka juu ya tabaka. Ndio maana unakuta samaki kamili na mapezi yake.

Mwambie kijana amtafute Pterichthyodes, ana gamba gumu kama kobe na mikono miwili kama mabawa. Yupo pia Palaeospondylus, kadudu ka sentimita chache tu, kalielezwa mara ya kwanza 1890 na mpaka leo wataalamu wanabishana ni ndugu wa nani.

Nyakato_MZA:
Mimi wa Mwanza, nimesoma hapa nikasisimka. Kwenye hayo machimbo kuna samaki wa kale anaitwa Dipterus, huyo ni jamaa wa kamongo wetu wa Ziwa Victoria! Kamongo huyu huyu anayepumua hewa na maji yakikauka anaweza kujichimbia topeni. Babu yangu alikuwa anawavua, nimekua nawaona hai, sikujua ukoo wao ni wa kale hivyo mpaka mawe ya Ulaya yanawajua.

MamaWawili_Abdn:
Asanteni sana jamani. Nyakato, nimemsomea hiyo ya kamongo, sasa anataka kumpigia bibi yake Musoma simu amuulize kama amewahi kumla. Tunaenda mwezi wa tano usubi hawajawa wengi, tindo ninayo, natafuta miwani ya saizi ya mtoto tu.