Gumzo la Wamama wa Matembezi, Ngamiani, Tanga

Mama Zuhura: Jamani, jana foleni ya kupimwa saratani ya matiti wote tulikuwa walewale wa matembezi ya Raskazone. Wachoma vitumbua na mama ntilie wa mtaani kwetu, hakuna hata mmoja! Limeniuma sana.

Rehema: Aende saa ngapi? Mama Fadhili anaamka saa 10 alfajiri, akimaliza kuuza anakimbilia sokoni.

Mama Fadhili: Kweli mwaya. Nikifunga siku moja watoto wanakula nini?

Bi Mwanaisha: Mimi kila asubuhi natembea, pombe siijui, watoto 6 wote nimewanyonyesha miaka 2 kamili. Nikapimwe nini tena?

Shangazi Saumu: Shikamoo Da Mwanaisha. Hayo yote ni kinga kweli. Kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa asilimia 4 hivi. Kuutumikisha mwili kunasaidia, kuepuka pombe pia, na kutonenepa sana hasa hedhi ikishakoma. Lakini vinapunguza tu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaougua hawana kisababishi kinachojulikana zaidi ya uanamke na umri.

Bi Mwanaisha: Marahaba. Mbona kwetu hajaugua mtu?

Shangazi Saumu: Ya kurithi ni 5 hadi 10 tu katika kila wagonjwa 100. Nimefanya unesi mpaka nikastaafu, wengi niliowapokea walisema hivyohivyo, "kwetu haupo".

Kibibi: Shangazi, na simu kwenye sidiria? Mie simu na hela zote humo 🙈

Shangazi Saumu: Hakuna ushahidi kuwa inaleta saratani. Usihangaike nayo.

Mama Zuhura: Waeleze na kujikagua, tafadhali.

Shangazi Saumu: Siku chache baada ya hedhi kuisha, titi halijajaa. Aliyekoma achague tarehe moja kila mwezi. Lala chali, mkono mmoja chini ya kichwa. Kwa mkono wa pili tumia vidole 3 vya kati, ule ubapa wake siyo ncha, zungusha taratibu titi zima mpaka kwapani. Bonyeza kidogo, kisha zaidi. Halafu kwenye kioo: ngozi kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla, chuchu kutoa damu. Ukiona kimojawapo, hospitali, usisubiri mpaka uumwe.

Rehema: Mie niliwahi kwenda, nikamkuta kijana wa kiume chumbani. Nikageuza na buibui langu.

Shangazi Saumu: Pole mwanangu. Mwambie wa mapokezi unataka nesi wa kike. Usione haya kuomba.

Mama Fadhili: Mimi naogopa kukatwa titi, nisiwafiche.

Shangazi Saumu: Uvimbe mwingi wa titi, hata 90 kwa 100, siyo saratani. Na ikiwa ndiyo, ukiwahi upo uwezekano wa kutoa uvimbe tu. Walionitoa machozi walikuja na kidonda, miezi wanabandika majani.

Mama Zuhura: Basi Jumatano hatutembei. Mimi na Kibibi tunashika jiko la Mama Fadhili, yeye anakwenda na Shangazi.

Kibibi: Mie nachoma, Mama Zuhura apokee hela.

Mama Fadhili: Mungu awalipe. Unga nitauumua mwenyewe usiku.

Bi Mwanaisha: Nami nihesabuni. Saa ngapi?

Shangazi Saumu: Saa 2 asubuhi kituo cha afya, Barabara ya 12. Vaeni blauzi na kanga, siyo gauni la kuvulia kichwani.