Redio, chaji ya simu na spotilaiti kwenye bodaboda: moja kwa moja betri, waya wa honi, au rilei?

Kijana_wa_Msamvu
Wakuu, habari za jioni. Nina Boxer ya kazi, ina stata, betri imeandikwa 12V 5Ah. Nataka kufunga redio yenye spika mbili, chaji ya simu ya USB na spotilaiti mbili za LED, maana narudi Kihonda usiku na taa ya mbele hainitoshi. Nimepita kwa mafundi watatu, kila mmoja ana lake. Wa kwanza: vuta waya moja kwa moja kutoka betri, weka swichi kwenye usukani, kazi imekwisha. Wa pili anataka kuchukua umeme kwenye waya wa honi ili ukizima ufunguo vyote vizime. Wa tatu anataka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) na fyuzi yake, na bei yake ni karibu mara mbili ya wenzake. Mliokwisha kufunga, ipi imedumu?

Boda_Mbezi
Moja kwa moja betri. Mwaka wa pili huu, haijanisumbua. Kijiweni tunaweza kukaa saa nzima bila abiria, na siku ya Simba na Yanga nasikiliza mpira huku ufunguo uko mfukoni. Ukifunga kwenye swichi ya ufunguo inabidi uuache umening'inia pale, na mwizi wa pikipiki hahitaji dakika mbili.

Fundi_Umeme_Mby
Mkuu Boda_Mbezi, fyuzi umeweka wapi?

Boda_Mbezi
Redio ina fyuzi yake ndogo kwa nyuma.

Fundi_Umeme_Mby
Hiyo inalinda redio. Waya unaotoka betri chini ya siti, ukapita chini ya tenki mpaka kwenye usukani, hauna wa kuulinda. Tazama shingo ya usukani. Kila unapokata kona waya unajikunja na kusugua chuma pale pale. Ganda likiisha, shaba inagusa bodi, na betri inamwaga umeme wote iliyo nao kwenye kawaya hako. Fyuzi iliyo nyuma ya redio haitajua kitu, kwa sababu shoti imetokea kabla umeme haujaifikia. Ndiyo maana fyuzi hukaa karibu na betri.

Mama_Tunu
Hilo limenikuta. Nina pikipiki tatu nimewapa vijana kwa mkataba. Moja ilifungwa taa za ziada na fundi wa mtaani, moja kwa moja betri, bila fyuzi. Kijana akaona moshi unatoka chini ya tenki akiwa na abiria nyuma. Nashukuru Mungu alisimama, wakashuka, akang'oa siti na kuchomoa temino ya betri kwa mkono uliofungwa kitambaa. Tulipotoa tenki, nyaya zote za pikipiki zilikuwa zimeshikana kama ugali uliokauka, rangi hazitambuliki. Kijana alikaa siku tisa bila kazi na hesabu yake mimi sikumdai. Fyuzi moja ingezuia yote hayo. Wanangu, tenki lina petroli na nyaya ziko chini yake.

Kijana_wa_Msamvu
Pole sana mama. Sasa waya wa honi je? Ule si tayari una fyuzi ya pikipiki?

Fundi_Umeme_Mby
Unayo, ila fanya hesabu kwanza. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Spotilaiti usiamini maandishi ya kwenye boksi, pima kwa mita. Nyingi ninazofunga zinakula ampea 1.5 hivi kila moja, kwa hiyo mbili ni 3. Chaji ya simu ikitoa 5V kwa ampea 2, hiyo ni wati 10, yaani karibu ampea 1 kutoka betri. Redio na spika mbili, ukiifungua sana, weka 2. Jumla ampea 6. Waya wa honi ni mwembamba, umetengenezwa kwa kazi ya sekunde mbili. Ukiupitishia ampea 6 kutwa nzima unapata joto, na swichi ya ufunguo nayo inaungua taratibu sehemu zinapogusana. Halafu fyuzi ile ikikatika usiku, honi, indiketa na taa ya breki vinakufa pamoja na redio. Chaji ya simu peke yake chukua hapo, hakuna ubaya. Spotilaiti usithubutu.

Rilei inaondoa mzigo huo kwenye ufunguo. Mguu wa rilei ulioandikwa 30 unatoka betri chanya kupitia fyuzi ya ampea 10. Wa 87 unakwenda kwenye vyombo. Wa 86 ndio unaochukua umeme wa ufunguo, na 85 unakwenda hasi. Rilei yenyewe inakula chini ya ampea 0.2, kwa hiyo hata waya wa honi unaimudu. Tumia waya wa mm² 1.5, na maungio yachomwe risasi. Ukisokota kwa vidole na kuzungusha tepu, masika yakianza maji yanaingia na shaba inageuka kijani.

Pwani_Rider
Salamu kutoka Mombasa. Niongeze la redio, maana watu hulaumu stesheni bure. Mlio mwembamba ukipanda na kushuka pamoja na mafuta unayovuta, kosa liko kwenye hasi. Usifunge hasi ya redio kwenye bolti iliyopakwa rangi, ipeleke hadi betri yenyewe. Na zile chaji za USB za bei rahisi hutoa mkwaruzo kwenye FM. Ichomoe usikilize, mkwaruzo ukikoma umeshampata mwizi. Antena nayo ikae mbali na waya wa plagi.

Boda_Mbezi
Fundi, mimi bado nataka mpira wangu bila ufunguo. Nifanyeje?

Fundi_Umeme_Mby
Redio pekee ibaki betri, na fyuzi yake na swichi yake. Spotilaiti na chaji zihamie kwenye rilei. Ila kama ni redio ya gari, angalia nyaya: wa njano ni wa kumbukumbu, mwekundu wa kuwashia, mweusi hasi. Wengi wanaunganisha njano na mwekundu pamoja betrini, wanazima kwa kitufe. Nilipima moja ya namna hiyo ikiwa imezimwa, inavuta miliampea 20. Kwa siku ni karibu 0.5Ah. Ukienda kijijini wiki moja, betri ya 5Ah utaikuta na theluthi tu. Swichi yako ikate zote mbili. Utapoteza stesheni ulizohifadhi, lakini asubuhi stata itaita.

Kijana_wa_Msamvu
Mrejesho, wakuu. Nimemrudia fundi wa tatu, jana tumemaliza. Tumepima: betri imepumzika 12.7V. Injini mwendo wa kati, kila kitu kimewashwa, 13.4V. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kuvuta mafuta, na spotilaiti zinawaka, inashuka mpaka 12.3V.

Fundi_Umeme_Mby
13.4 ni nzuri, betri inachajiwa. Hiyo 12.3 maana yake magneto, kile kinachozalisha umeme kwenye injini, haikidhi mzunguko ukiwa mdogo, unakula akiba. Kwenye foleni na kijiweni zima spotilaiti. Hapo hata rilei haikusaidii, pikipiki ndogo inazalisha umeme kidogo. Ukitaka kuongeza amplifaya baadaye, pima tena kwanza.

Mama_Tunu
Nyaya zimepitaje kwenye shingo?

Kijana_wa_Msamvu
Zimevishwa mpira, mama, na tumeacha nafasi. Nimekata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, hazivutiki. Nitakutumia picha.

Boda_Mbezi
Kesho napita dukani kuchukua holda ya fyuzi. Kwa redio peke yake niweke ya ampea ngapi?

Fundi_Umeme_Mby
Tatu. Na isikae mbali na betri zaidi ya kiganja kimoja.