Walisema barafu ya Kilimanjaro itaisha 2020, mbona bado ipo? Nijibu nini darasani?

MwalimuWaKata

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari ya kata huku Dodoma. Wiki hii na kidato cha tatu tulikuwa kwenye mabadiliko ya tabianchi, nikatoa mfano wa Kilimanjaro kama nilivyofundishwa mimi. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mtulivu, hana utundu wowote, akanyoosha mkono: "Mwalimu, si walisema ikifika 2020 barafu itakuwa imeisha? Imeisha?"

Kumbe nyumbani kaka yake ana video kwenye simu. Kuna jamaa anaonyesha kichwa cha habari cha zamani, pembeni anaweka picha ya Kibo nyeupe mpaka chini, halafu anamalizia kwamba tabianchi ni hadithi ya Wazungu ili Afrika isiguse gesi wala makaa yake ya mawe. Darasa zima likanigeukia. Ningeweza kumkatisha kwa ukali, lakini swali lake ni la haki. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu.

Naomba aliyefika juu miaka hii ya karibuni aniambie alichokiona kwa macho yake: barafu ipo au haipo? Hiyo 2020 ilitoka wapi? Nataka kwenda na jibu ambalo kijana akilichimba halivunjiki. Nawasilisha.

MzalendoHalisi

Mwalimu, huyo kijana apewe madaftari ya mwaka mzima. Ameuliza ambacho wasomi wetu wanaogopa kuuliza.

Twende na ushahidi. Utabiri wa kati ya 2015 na 2020 aliutoa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 2002, ukatangazwa dunia nzima. Miaka hiyo imepita, barafu ipo. Mwaka 2007 IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa, likaandika kwamba barafu ya Himalaya huenda ikaisha 2035. Januari 2010 wakakiri wenyewe kwamba kauli ile haikuwa na msingi. Mwaka huohuo wa 2007 jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza, kwenye kesi ya filamu ya Al Gore kuhusu tabianchi kuonyeshwa mashuleni, alisema haijathibitika kwamba theluji ya Kilimanjaro inapungua hasa kwa sababu ya binadamu. Na kule Marekani, hifadhi ya Glacier walikuwa na mabango yanayosema barafu yao itaisha 2020. Ikabidi wayabadilishe.

Mimi siipingi sayansi. Napinga kuambiwa tukae gizani na gesi yetu ikiwa chini ya miguu, wakati wenzetu wamejenga viwanda kwa makaa ya mawe vizazi na vizazi.

KiongoziMarangu

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo pokea salamu zangu. Mimi naongoza wageni Kilimanjaro. Nilianza na wagumu, yaani wapagazi, nikibeba mahema na mitungi ya gesi kichwani, kabla sijapata leseni. Kwa hiyo la kwanza nakujibu bila kusoma popote: barafu ipo. Nimeiacha huko juu mwezi uliopita.

Ndugu Mzalendo, uliyoyataja yametokea, sibishani nawe hata kwa moja. Lakini yote ni habari za watu waliotaja mwaka. Hakuna hata moja inayosema barafu imepona.

Ukifika Stella Point alfajiri ukaanza kufuata ukingo kwenda Uhuru, kushoto kwako ndiyo mabaki ya barafu ya kusini, Rebmann na jirani zake. Kulia ni kreta. Ukishuka ndani ya kreta unakuta barafu ya Furtwängler, na upande wa kaskazini kuna uwanja mkubwa uliobaki. Nenda mpaka kwenye ukuta uuguse. Ni ukuta kweli, umesimama wima, una mistari ya vumbi tabaka juu ya tabaka. Asubuhi mchanga wa chini yake ni mweusi, mkavu kabisa, huoni hata tone. Mgeni mmoja aliniuliza, "Sasa kama inayeyuka, maji yako wapi?" Lile ni swali zuri kuliko makala nyingi nilizosoma kuhusu mlima huu, na jibu lake ndilo magazeti yameliruka.

Juu kule wastani wa joto kwa mwaka ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya barafu haipotei kwa kuwa maji. Inageuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na hewa kavu, kama vile vipande vya barafu vinavyonywea vyenyewe kwenye friza ukivisahau miezi mingi. Zile kuta zinapigwa na jua na hakuna theluji inayoweza kukaa ukutani kuzijaza, kwa hiyo kila mwaka zinarudi nyuma. Juu yake kwenye tambarare, theluji mpya ndiyo mwavuli wa barafu, maana weupe wake unarudisha jua lilikotoka. Mvua zikipungua, mwavuli hakuna, vumbi linabaki wazi, barafu inaliwa kwa juu pia.

Haya waliyaeleza Georg Kaser wa Austria na wenzake mwaka 2004, kisha yeye na Philip Mote wa Marekani mwaka 2007: kwamba eneo lile lilianza kukauka tangu miaka ya 1880, na Kilimanjaro si mfano mzuri wa kumwambia mtu "joto limepanda, barafu imeyeyuka". Wapinzani wa tabianchi wakaruka juu kwa furaha. Lakini wanasayansi wale hawakusema dunia haipati joto. Waliandika kwamba kwenye milima mingi mingine duniani joto ndilo linalomaliza barafu, na kwamba hapa kwetu mlolongo ni mrefu zaidi, unapita kwenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Thompson naye ana hoja yake, na si ya kupuuza. Alichimba nguzo za barafu kwa keekee mwaka 2000. Ya chini kabisa aliikadiria kuwa na miaka 11,700. Ndani yake kuna alama ya ukame wa kutisha wa miaka kama 4,000 iliyopita, na barafu ilivumilia. Ila kwenye tabaka la juu kabisa ndipo alipokuta dalili za kuyeyuka kisha kuganda tena, dalili ambazo chini kote hazipo. Hao wanabishana sababu ipi ina uzito kiasi gani. Kupungua kwenyewe hakuna anayekubishia.

Vipimo ni hivi. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Klute na Oehler, walipima ramani: barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2000 zilibaki 2.5 hivi. Mwaka 2011, 1.76. Sasa hivi ni karibu kilomita moja tu. Mwalimu, hayo ndiyo ya kuandika ubaoni. Hesabu hiyo haina "itaisha mwaka fulani" ndani yake, kwa hiyo mwaka ukipita haidhuriki.

Na kuhusu ile picha ya Kibo nyeupe mpaka chini: hiyo ni theluji ya masika. Inanyesha usiku, tunaamka kambi ya Barafu mahema yamefunikwa, na baada ya siku chache za jua yote imeondoka. Anayeipiga picha Aprili na kusema barafu imerudi, ama hajui au anajua na anakudanganya.

DadaWaMatangazo

Nimefanya kazi chumba cha habari cha redio huku kaskazini miaka mingi, niongeze kidogo upande wa kwetu.

Habari ya mlima inatufikia ikiwa imeshapikwa. Taarifa inatoka Geneva au Paris, shirika la kimataifa linaifupisha, sisi tunaitafsiri kabla ya taarifa ya saa saba. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya 2021 ilisema kwamba kwa mwendo wa sasa barafu zote tatu za Afrika huenda zikaisha kufikia miaka ya 2040. UNESCO 2022 wakasema kufikia 2050. Kwenye ripoti kuna "huenda", kuna "kwa mwendo wa sasa". Kwenye kichwa cha habari hayo maneno ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa sababu ya nafasi. Linabaki "KILIMANJARO KUBAKI MWAMBA 2050". Halafu mhariri anaomba picha, tunachukua iliyopo kwenye maktaba, pengine ya miaka kumi nyuma, pengine ni ya Mawenzi.

Kinachoniuma ni kwamba mlima uko dirishani kwetu. Kupanda basi kwenda Marangu kuongea na watu kama Kiongozi hapo juu hakuhitaji bajeti ya mtu yeyote. Lakini habari ikisemwa na Geneva inaonekana ni habari, ikisemwa na mgumu inaonekana ni malalamiko.

Kiongozi, naomba nikuulize moja ambalo wasikilizaji hutupigia simu kila mara: barafu ikiisha, maji ya Moshi yatakauka?

KiongoziMarangu

Dada, umegusa penyewe. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko hata la 2020.

Maji ya mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia, na ya mito inayoteremka Pangani yanatoka msituni, siyo kwenye barafu. Barafu inachangia kidogo mno. Msitu ndio unaokamata mvua na ukungu. Andreas Hemp, mtafiti Mjerumani aliyeukaa mlima huu miaka na miaka, ameonyesha kwamba moto wa juu, kwenye ukanda ule wa miti midogo ya erika, umeshusha mpaka wa msitu na kutupotezea maji mengi kuliko kupungua kwa barafu. Na moto unaongezeka kwa sababu kumekauka na kumepata joto. Oktoba 2020 ulipowaka, sote tuliuona usiku kutoka chini, mstari mwekundu umeukata mlima. Magazeti ya nje yaliandika siku chache, yakaondoka. Msitu wa erika hauoti tena kwa siku chache.

Kwa hiyo bibi kizee wa kihambani anaposikia redioni kwamba maji yake yako kwenye barafu, anakata tamaa, maana barafu hawezi kuipandisha tena. Angeambiwa ukweli, angemkemea anayewasha moto wa kurina asali.

MzalendoHalisi

Kiongozi, maelezo yako ya msitu nimeyapenda. Lakini hujanijibu la haki. Tanzania inatoa hewa ukaa kiasi gani hata tubebeshwe mzigo huu? Na kama hata wanasayansi wanasema Kilimanjaro ni ukame, kwa nini wanaitumia nembo yetu kwenye mikutano yao?

KiongoziMarangu

La haki niko nawe moja kwa moja. Sisi ni miongoni mwa waliochafua kidogo sana, na mgumu anayepanda na kilo 20 begani hadaiwi na mtu. Hoja hiyo ina miguu yake yenyewe, ipeleke mkutanoni ikiwa imesimama. Ukiifunga pamoja na "barafu haipungui", siku wakikuonyesha vipimo watatupa vyote viwili.

Kuhusu ukame, angalia majirani. Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ni safu ya milima ya mvua na matope mwaka mzima. Mtawala wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, alipoifikia 1906 ilikuwa na barafu kwenye milima sita, sasa vimebaki vipande. Mlima Kenya, barafu ya Lewis pale chini ya Lenana imebaki kipande cha kusikitisha, na Gregory ya jirani yake imekwisha. Venezuela imepoteza ya mwisho. Alpi, Andes, kote. Ukame wa Kilimanjaro peke yake hauwezi kueleza Rwenzori na Uswisi kwa mpigo mmoja.

Na mambo ya kubishia mlima kutoka mbali hayakuanza leo. Rebmann, yule mmisionari Mjerumani, alipoona weupe wa Kibo, 11 Mei 1848, aliyekuwa akimwongoza alimwambia hiyo ni baridi tu. Rebmann akaandika, na huko London mwanajiografia William Cooley akamkatalia kabisa: theluji kwenye ikweta haiwezekani. Hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Hata Wajerumani von der Decken na Kersten walipopanda 1862 na theluji ikawanyeshea, bado Cooley hakukubali. Yule aliyemwongoza Rebmann alikuwa anajua.

MwalimuWaKata

Nimewasoma wote, asanteni sana, na wewe Mzalendo pia, maana hoja zako ndizo kijana atakazokuja nazo. Jumatatu naanza na lile la mgeni, "maji yako wapi?", niwaache wabishane dakika kumi kabla sijafungua mdomo. Kiongozi, kama una picha zako mwenyewe ningeomba mbili, ya zamani na ya sasa, niwape wazilinganishe.

KiongoziMarangu

Ninazo. Nitakuwekea hapa Jumapili nikishuka, za ukuta wa Furtwängler nimesimama sehemu ileile, mwamba ule wenye ufa ukionekana pembeni ili wapate cha kupimia. Zote ni za Septemba. Za Machi mpaka Mei usitumie hata ukipewa bure, theluji mpya inafunika kila kitu na utaanza ubishi upya.

DadaWaMatangazo

Kiongozi, na mimi nazihitaji hizo. Na ukishuka Jumapili nipo getini Marangu na kinasa sauti, nikute na wagumu wako wawili watatu kabla hawajatawanyika.