Tupeane uzoefu: nafuu za mafuta katika majimbo ya Marekani, hasa kudai kodi Missouri

Mwanzisha mada
Wakuu, mafuta yakipanda kila jimbo hutoka na njia yake. Georgia na Maryland walisimamisha kodi, California wakagawa hela, Missouri wanakurudishia ukidai mwenyewe. Malalamiko ya bei tumeyasoma ya kutosha. Hapa tuweke namba: nani anastahili, unajaza nini, watu wanakwama wapi. Ya Missouri itangulie, maana hiyo hujirudia kila mwaka.

Chasisi17
Missouri basi. Kodi ya jimbo ilikuwa senti 17 kwa galoni. Sheria ya 2021 ikaongeza senti 2.5 Oktoba mwaka huohuo, halafu 2.5 nyingine kila Julai hadi kufika 29.5 Julai 2025. Kinachorudishwa ni nyongeza peke yake. Zile 17 za zamani zisahau. Mafuta ya Julai 2024 hadi Juni 2025 yanadaiwa senti 10 kwa galoni, ya kuanzia Julai 2025 senti 12.5.

Gari lisizidi paundi 26,000, yaani kama kilo 11,800, na mafuta yawe yamenunuliwa ndani ya Missouri kwa matumizi ya barabarani. Wa Kansas City muwe macho: mji umekalia pande mbili za mpaka. Galoni ulizojaza upande wa Kansas hazimo, hata kama nyumba yako iko Missouri.

Fomu ni 4923-H. Hesabu inaanza Julai 1 hadi Juni 30, na kudai ni kuanzia Julai 1 hadi Septemba 30 inayofuata. Ukichelewa siku moja, mwaka mzima umekwenda. Kwa kila ujazo unahitaji tarehe, jina na anwani ya kituo, idadi ya galoni, na namba ya chasisi ya gari lililojazwa. Risiti hutumi, ila unazitunza miaka 3 wakizihitaji.

Panapoharibika ni kwenye risiti. Karatasi ya pampu inachapwa kwa joto. Ikikaa kwenye dashibodi kiangazi kimoja inabaki nyeupe. Ipige picha palepale, kabla hujawasha gari. Ukilipa taslimu dukani kabla ya kujaza, risiti ya kwanza huonyesha dola tu, bila galoni. Rudi uchukue ya mwisho. Taarifa ya benki haitoshi kwa sababu hiyohiyo: inajua ulilipa kiasi gani, haijui umejaza galoni ngapi.

Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna I, O wala Q. Ukiona duara, hiyo ni sifuri. Mwenye magari mawili aweke daftari mbili tangu mwanzo, kuzitenganisha risiti za mwaka mzima mwezi wa Septemba ni adhabu.

Galoni kwa Galoni
Inalipa? Piga hesabu kwanza. Maili 15,000 kwa mwaka, gari linalokwenda maili 25 kwa galoni, ni galoni 600. Mara senti 12.5 ni dola 75. Dereva wa teksi mtandao anayepiga maili 40,000 kwa gari hilohilo anatumia galoni 1,600, anapata dola 200. Anayekwenda sokoni na kanisani tu huenda muda wake una thamani zaidi.

Bomba
Kusimamisha kodi ni habari nyingine, huko hudai chochote. Machi 18, 2022 Maryland walisimamisha senti 36.1 kwa siku 30. Georgia wakaanza siku hiyohiyo na senti 29.1, wakawa wanaongeza muda hadi Januari 10, 2023. Watu walilalamika kwamba kesho yake bei haikushuka yote. Sababu ni kwamba kodi hii haikatwi pale pampuni, hukatwa juu kwa msambazaji. Kituo chenye tenki lililojaa mafuta yaliyokwisha kulipiwa kodi huwa kinasubiri yaishe. Penn Wharton, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walikadiria kwamba Maryland asilimia 72 ya punguzo ndiyo iliyomfikia mnunuzi, Georgia kati ya 58 na 65. Kwa hiyo wakati kama huo usijaze kituo cha kwanza unachokutana nacho. Kituo chenye wateja wengi humaliza akiba mapema, na mara nyingi ndicho kinachoshuka kwanza.

Wa dizeli msome tangazo lote. Connecticut waliondoa senti 25 kuanzia Aprili 1, 2022, lakini za petroli tu. Dizeli haikuguswa, tena Julai mwaka huo kodi yake ikapanda hadi senti 49.2. Walichofanya vizuri ni mabasi ya bure, na kurudisha kodi senti 5 kila mwezi kuanzia Januari 2023 badala ya kuipandisha yote kwa mkupuo.

Bahasha
California hawakugusa kodi. Julai 2022 iliongezeka kutoka senti 51.1 hadi 53.9. Badala yake walilipa dola 200 hadi 1,050 kwa kila ritani (fomu ya kodi ya mapato ya mwaka) kufuatana na kipato na wategemezi, uwe na gari au usiwe nalo. Kigezo kilikuwa ritani ya 2020 iliyowasilishwa kabla ya katikati ya Oktoba 2021. Aliyepata marejesho yake ya kodi kwa njia ya benki aliingiziwa benki, wengine wengi walipelekewa kadi ya malipo kwa posta. Bahasha ilitoka Omaha, Nebraska, na wapo walioitupa wakidhani ni tangazo la biashara.

Mwanzisha mada
Swali la teksi mtandao: ukidai Missouri, unaweza bado kukata mafuta kwenye kodi ya mapato?

Chasisi17
Ukikata gharama halisi, toa kwanza kiasi ulichorudishiwa. Senti moja haikatwi mara mbili. Ukitumia kiwango cha maili, yaani kiasi maalumu unachokata kwa kila maili ya kazi, mafuta yamo humohumo ndani, hayakatwi pembeni. Vyovyote vile, daftari la maili na daftari la galoni viwe na tarehe zinazolingana.