Tone la damu likielea kwenye maji ya buluu, maana yake nini?

Mwana_Makorora:
Wakuu, habari za jioni. Hapa Makorora, Tanga, tunawaandaa vijana waende kuchangia damu hospitali ya Bombo, lakini barazani maneno ni mengi. Mtu akirudishwa kwa kuwa tone lake limeelea kwenye kichupa, mtaa unasema ana ngoma, yaani VVU. Wengine wanadai ukitoa mara moja lazima uendelee, la sivyo damu inajaa na kupanda kichwani. Bodaboda wao wanasema zinachotwa lita mbili na nguvu zinakwisha. Wenye kujua kazi hii, tupeni majibu.

Maabara_Pwani:
Nianze na tone, maana ndilo linalochafua majina ya watu bure. Yale maji ya buluu ni mrututu (kopa salfeti) uliokorogwa kwa kipimo, uzito wake ni mara 1.053 ya maji ya kawaida. Damu yenye himoglobini (kile kinachoipa damu wekundu na kubeba oksijeni) ya gramu 12.5 kwa desilita au zaidi ni nzito kuliko maji hayo, kwa hiyo tone linazama ndani ya sekunde 15. Iliyo pungufu inaelea, au inashuka kidogo, inasita, halafu inapanda. Hakuna kirusi kinachopimwa hapo.

Na tone linaweza kusema uongo. Kidole kikikamuliwa sana, majimaji ya nyama yanachanganyika na damu na kuifanya nyepesi. Likiingia povu la hewa linaelea hata kama damu ni nzuri. Maji yaliyokwisha kutumika kwa matone mengi nayo hayaaminiki. Aliyerudishwa aombe himoglobini ipimwe kwa mashine. Ikiwa kweli iko chini, itafutwe sababu: safura, hedhi nzito au chakula. VVU, homa ya ini B na C na kaswende hupimwa baadaye, kwa damu ya mirija midogo inayojazwa wakati wa kuchangia.

Kuhusu kujaa: mtu mzima ana kama lita 5. Majimaji yaliyotoka hurudi ndani ya siku 1 au 2, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Figo ndizo zinazoutuma uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, utengeneze chembe hizo, na kiwango kikitimia zinapunguza amri. Mwanaume anasubiri miezi 3, mwanamke 4, ndipo wanaruhusiwa tena. Asiyerudi maisha yake yote hafuriki chochote.

Kitanda_Namba_2:
Hizo lita mbili haziwezekani, mkuu. Mfuko ni wa mililita 450, na ndani yake tayari kuna dawa ya kuzuia damu kuganda iliyopimwa kwa kiasi hicho. Ukizidisha damu, dawa haitoshi na mabonge yanatokea. Ukipunguza, dawa inazidi. Kwa hiyo mfuko unapimwa kwenye mizani, na ukiongezeka gramu 475 hivi mrija unabanwa. Kazi yenyewe ni dakika 5 hadi 10.

Wanaoanguka hawakuishiwa damu. Mishipa imelegea na mapigo yameshuka ghafla, mara nyingi kwa woga, njaa au kuinuka haraka. Kula saa mbili tatu kabla, ila si chapati za mafuta mengi, kwa sababu majimaji ya damu yanakuwa meupe kama tui na vipimo vinasumbua. Kunywa nusu lita ya maji. Ukisikia jasho baridi na masikio yanavuma, sema palepale, ulazwe na miguu iinuliwe.

Vile vivimbe vya kiwikoni watu hujitakia: wanakunja mkono juu ya pamba. Mkono unyooke, ukandamize kwa vidole dakika 5. Bodaboda apumzike robo saa kabla ya kuwasha pikipiki, na siku hiyo asibebe viroba. Mvuvi asizamie.

Dada_wa_Wodi:
Niongeze moja. Ndugu wanaoombwa kurudishia damu hukimbia wakisema "kundi langu si lake". Si lazima lifanane. Damu yako inaingia kwenye akiba, mgonjwa anapewa inayomfaa. Na damu ya ndugu wa tumbo moja si salama zaidi. Chembe nyeupe za ndugu wa karibu zaweza kupita bila kutambuliwa na mwili wa mgonjwa, kisha zikaushambulia. Ni nadra, ila likitokea huua.

Mwana_Makorora:
Ahsanteni sana. Je, aliyepigwa chuku, yaani kuumikwa? Na Ramadhani?

Maabara_Pwani:
Chuku, chale za wembe na tatuu vyote aviseme kwenye dodoso. Huenda akaambiwa asubiri miezi kadhaa, kwa kuwa maambukizi mapya huchukua muda kabla ya kuonekana kwenye kipimo. Kwa sababu hiyohiyo, asije mtu kuchangia kwa nia ya kujipima VVU. Kupima kuna mahali pake.

Ramadhani, waje baada ya futari kama kituo kinafungua usiku, au wangoje Idi. Tatizo kubwa ni maji mwilini. Hukumu ya swaumu muulizeni sheikh wenu.

Na soda mnayopewa haitengenezi damu, ni sukari na maji tu. Mfuko mmoja unaondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Kinachorudisha ni dagaa, maini, kunde, mchicha uliokamuliwa ndimu. Chai ya rangi ikae kando angalau saa moja baada ya kula, maana inazuia chuma kufyonzwa. Hapo ndipo watu wa Tanga mtanibishia.