Kipakatalishi hakioni hotspoti ya simu

Kutoka: Lanet, Nakuru

Ndugu zangu, hamjambo.

Nimekuja likizo nyumbani kutoka Uingereza, na mwajiri wangu ameniruhusu kuendelea na kazi kwa mtandao nikiwa huku. Nyumba yetu haina intaneti ya waya, kwa hiyo ninategemea bando la simu. Simu yangu ni ya Android, bado mpya, na hotspoti nimeiwasha. Simu ya mama inaiona na kuunganika nayo mara moja, lakini kipakatalishi changu, ambacho kina umri wake na ambacho waifai ya jirani kinaiona vizuri, hakionyeshi jina la hotspoti hiyo hata nikiiweka simu kando ya kibodi. Fundi mmoja wa mjini amesema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Faili zangu zote za kazi zimo humo, na ningependa kusikia neno la mwenye ujuzi kabla sijamkabidhi mashine.

Kutoka: Kisumu

Dada, pole kwa usumbufu, na karibu nyumbani. Ninakuomba sana usikubali mashine yako ifutwe. Kila mwezi wa Disemba, ndugu zetu wanaporejea kutoka ng'ambo, huniletea hapa Kisumu vipakatalishi vyenye tatizo hili hili, na inaniuma kuona mtu amelipia Windows mpya, amepoteza picha na nyaraka zake, kisha hotspoti bado haionekani.

Maelezo yako yenyewe yanatuonyesha pa kutazama. Kwa kuwa kipakatalishi kinaona waifai ya jirani, kadi yake ya waifai ni nzima na draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, inafanya kazi. Na kwa kuwa simu ya mama inaunganika, hotspoti nayo inarusha mawimbi inavyostahili. Kinachobaki ni kwamba vifaa hivi viwili havikutani kwenye masafa mamoja. Waifai tunayotumia majumbani hupita hasa kwenye bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na simu nyingi za siku hizi huipendelea ile ya 5 kwa sababu ina kasi zaidi na msongamano mdogo. Kadi nyingi za zamani, hasa za mashine zilizouzwa kwa bei nafuu, zilitengenezwa kwa bendi ya 2.4 peke yake, na kadi ya aina hiyo haiwezi kuonyesha mtandao wa gigahezi 5 hata ukiwa mezani pamoja nayo, kama vile redio ya FM isivyoweza kunasa idhaa ya masafa mafupi. Kifaa cha jirani bila shaka kinarusha bendi ya 2.4 pia, ndiyo maana kinaonekana.

Unaweza kulithibitisha hili kabla ya kugusa kitu chochote. Fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, andika netsh wlan show drivers, kisha utafute mstari unaoanza na "Radio types supported". Hayo ni majina ya viwango vya waifai: ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, kadi yako ni ya gigahezi 2.4; lakini ikiwa mstari huo una 802.11a, 802.11ac au 802.11ax, basi inaweza pia kutumia 5, na itatubidi tutafute sababu nyingine.

Tiba yenyewe iko kwenye simu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti na utafute palipoandikwa "AP Band" au "Band", uchague 2.4 GHz, uhifadhi, kisha uizime hotspoti na kuiwasha tena. Simu nyingine za Android hazina maneno hayo bali zina swichi ya "Extend compatibility", ambayo hufanya kazi ile ile. Wenye iPhone 12 na zilizofuata wawashe "Maximize Compatibility" ndani ya Personal Hotspot, na wabaki kwenye ukurasa huo huo hadi kipakatalishi kiunganike, kwa sababu iPhone huacha kujitangaza baada ya muda mfupi ikiwa hakuna aliyejiunga. Kasi itapungua kidogo kwenye bendi hii, lakini kwa barua pepe, nyaraka na mikutano ya video inatosha kabisa.

Kwa ambao mashine zao hazioni mtandao wowote, hata wa jirani, hilo ni jambo jingine, na huanzia kwenye swichi. Baadhi ya Dell Latitude za zamani zina kitufe kidogo cha kusukuma ubavuni, ambacho hujizima chenyewe kinaposuguana na mkoba, na kwenye HP kadhaa za ofisini kuna taa ndogo juu ya kibodi ambayo huwa ya rangi ya chungwa waifai inapozimwa. Nimewaona watu wakitozwa pesa za ufundi kwa ajili ya kitufe hicho, na kwa maoni yangu hiyo si haki.

Ikiwa una kazi ya kuwasilisha leo, usisubiri. Chukua waya wa kuchajia simu, mradi uwe ule unaopitisha data, uchomeke kwenye kipakatalishi, kisha uwashe "USB tethering" kwenye simu. Windows itaiona simu kama mtandao wa waya, na suala la bendi halitakuhusu tena. Mimi huipenda njia hii hata waifai inapokuwa sawa, kwani simu huendelea kupata chaji. Tafadhali uweke alama ya "Metered connection" kwenye mtandao huo, la sivyo Windows itaanza kupakua masasisho yake na bando lako litaisha kabla ya saa ya chakula.

Kutoka: Lanet, Nakuru

Mwalimu, ahsante sana. Mstari ule ulikuwa na b, g na n tu, na mara tu nilipoiweka simu kwenye 2.4 jina lilijitokeza. Fundi nimemwambia asijisumbue.

Niruhusu niulize kwa niaba ya mpwa wangu aliye Kakamega. Yeye alitumiwa kipakatalishi kipya kutoka Marekani. Hotspoti yake tayari iko kwenye 2.4, lakini siku nyingine kipakatalishi kinaiona na siku nyingine hakioni kabisa, ilhali simu za wenzake huiona kila siku.

Kutoka: Kisumu

Dada, nimefurahi kwamba faili zako ziko salama.

Kuhusu mpwa wetu, neno la kuangalia ni hilo ulilolitaja, kwamba mashine ilitoka Marekani. Bendi ya 2.4 imegawanywa katika chaneli zenye namba. Kule Marekani vifaa kwa kawaida hutumia chaneli 1 hadi 11, ilhali Kenya, kama Ulaya, huruhusu 1 hadi 13, na baadhi ya kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huzipita chaneli 12 na 13 bila kuzisikiliza. Simu hujichagulia chaneli kila hotspoti inapowashwa; ikiangukia 6 kila kitu huwa sawa, ikiangukia 13 kipakatalishi hakioni kitu.

Siku ambayo hotspoti imejificha, amwombe mwenzake mwenye kipakatalishi kilichonunuliwa hapa nchini aandike netsh wlan show networks mode=bssid, kisha atazame namba iliyo mbele ya neno "Channel" chini ya jina la hotspoti yake. Ikiwa ni 12 au 13, tumepata sababu, na kwa siku hiyo itatosha kuizima na kuiwasha hotspoti hadi simu ichague namba ya chini. Baadhi ya simu humruhusu mwenyewe kuichagua chaneli, na ikiwa yake inaruhusu, aiweke kwenye 1, 6 au 11 na kuiacha hapo. Ikiwa hairuhusu, adapta ndogo ya waifai ya USB iliyotengenezwa kwa soko letu itamfaa, na ni nafuu kuliko kufungua mashine mpya ambayo bado ina dhamana. Ikitokea kwamba namba ni 11 au chini yake na bado haionekani, aniandikie jina kamili la kadi kama lilivyo chini ya "Network adapters" katika Device Manager, nami nitaanza kuchunguza upande wa draiva.